Ukuta Uliovaa Blanketi

Asubuhi ile 'Makhauta alimwamsha Seabata kwa kumvuta blanketi.

"Amka, mzee. Nataka kitanda."

"Nimekilalia."

"Ndiyo maana nakwambia uamke."

Baridi ilikuwa inaaga. Jua lilikuwa limeanza kupanda juu zaidi, na ule mwali uliokuwa ukiingia mlangoni na kufika hadi ukuta wa ndani sasa uliishia katikati ya sakafu. Kila mwaka majira hayo 'Makhauta alisogeza kitanda kulifuata jua. Kila mwaka Seabata alinung'unika, na kila mwaka alishika upande wa miguuni.

Wakakisogeza. 'Makhauta akakaa juu yake, akanyoosha mkono kwenye mwanga kama mtu anayepima maji ya kuoga.

"Bado. Sogeza tena."

"Mama we, mimi ni mumeo au ng'ombe wa kulimia?"

"Ungekuwa ng'ombe tungekuwa tumeshavuna. Sogeza."

Kisha wakanywa uji mchachu wa mtama. 'Makhauta akamlaumu kwa kukaa kiti kilekile, mahali palepale, mpaka miguu ya kiti imechimba sakafu. "Unachimba kwenda wapi?" akamwuliza. Seabata alipotoka kwenda kuangalia kondoo mlimani, akamwita tena.

"Pita kwa Mosili. Mwambie sufuria yangu bado naikumbuka."

"Haya," alisema Seabata. Akaenda.

Aliporudi mchana alimkuta mkewe amekaa nje, mgongo ukutani, karibu na mlango, bakuli la udongo mwekundu kati ya magoti. Alikuwa akichora upya ukuta. Matuta aliyoyachora kwa vidole, kama ya shamba, yalikuwa yamefika nusu ya ukuta. Alipenda kusinzia hapo. Seabata akakaa kando yake, akamweleza habari za kondoo mmoja anayechechemea. Akaimaliza habari yote. Ndipo akaona nzi ametua mkononi mwa mkewe, naye hamfukuzi.

Mazishini watu walisema alikuwa mkarimu, tena hodari wa shamba. Ni kweli. Lakini habari ya mlango haikusemwa. Walioiona kwa macho wamebaki wachache, na Mosili, wifi yake, siku ile hakuweza kusimama aseme.

Habari yenyewe ni hii.

'Makhauta alikuwa binti wa mjenzi wa kuta za mawe, mtu wa bondeni. Tangu mdogo alimshikia babake mawe. Ng'ombe za mahari zilipokwenda kwao, yeye akaletwa huku Ha Rantsane, juu milimani. Siku aliyoingia akapewa jina la mtoto ambaye hajazaliwa: 'Makhauta, mama wa Khauta. Mama mkwe wake, 'Maseabata, akampa nyumba ya chini.

Nyumba ya chini ilikuwa msonge wa mawe, paa la nyasi, dirisha hakuna. Matandiko ya farasi na mbegu ndivyo vilivyokuwa vikikaa humo. Mlango wake ulitazama kusini, penye zizi, na nyuma ya zizi kuna mlima. Upepo wa baridi ulishuka mlimani, ukapita kwenye zizi, ukaingia ndani na harufu zake zote. Jua la majira ya baridi, ambalo nchi hiyo hupita upande wa kaskazini, halikuwahi kukanyaga kizingiti kile.

Lakini kila nyumba ya ukoo huo ilitazama zizi. Mwanamume akifungua macho aone ng'ombe wake. Tena baba yake Seabata alikuwa amezikwa palepale, pembeni mwa zizi. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwaka wa kwanza 'Makhauta naye hakuuliza. Alifanya yanayofanywa na bi harusi yeyote, ila yeye aliyafanya kwa bidii. Alitoa matandiko. Akakandika sakafu upya. Kitanda kilichokuwa kinatazamana na mlango akakihamishia ubavuni, upepo usikikute. Ukuta wa ndani akaupaka udongo mweupe, ule mwanga kidogo unaoingia upate pa kugonga. Akajenga benchi la udongo kuzunguka ukuta, watu wasikae chini. Mlangoni akaning'iniza ngozi ya kondoo. Wanawake walikuja kutazama.

"Hii ndiyo ile nyumba ya matandiko?"

"Ndiyo hiyo."

"Imependeza, mwenzangu! Mbona basi unatetemeka?"

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ilipendeza, na baridi ilibaki mle mle. Baridi haidanganyiki kwa rangi.

Seabata wakati huo alikuwa mgodini, upande wa pili wa mpaka. Khauta alizaliwa baba hayupo. Baridi ya kwanza ilimkuta kifuani. Alikohoa mpaka midomo ikageuka rangi. 'Makhauta akampeleka kwa muuguzi, safari ya kutwa juu ya farasi. Akapewa dawa na neno moja: mtoto akae penye joto. Akarudi, akawasha moto wa samadi kavu. Moshi ukajaa, mtoto akakohoa zaidi. Akauzima moto, baridi ikarudi, mtoto akakohoa vilevile.

Palikuwa na mbwa pale nyumbani, wa kijivu, wa mama mkwe. 'Makhauta alimwona kila asubuhi akizunguka kwenda nyuma ya nyumba ya chini, upande wa kaskazini, analala ukutani mpaka jua ligeuke. Kuku nao humfuata. Siku moja akambeba Khauta, akawafuata. Akagusa jiwe. Lilikuwa na joto kama mkate. Akakaa. Mtoto akalala mchana kutwa, hakukohoa. 'Makhauta akachukua kaa, akatia alama ukutani pale jua linapoanza kupiga na pale linapoishia.

Mosili, dada yake Seabata, akamkuta hapo.

"Wifi, siku hizi unaishi na mbwa?"

"Mbwa kachagua nyumba vizuri kuliko mimi."

"Wewe hukuchagua. Uliletwa."

"Basi sasa nachagua," alisema 'Makhauta. "Mlango utakaa hapa."

Mosili akacheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

'Makhauta akaenda kwa mama mkwe, akapiga magoti, akaomba ruhusa. 'Maseabata alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukuta wa nyuma," alisema, "kwetu hutobolewa siku ya kutoa maiti. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Sitaki afe."

"Na mume wangu aliyelala zizini? Utampa kisogo?"

'Makhauta akainamisha kichwa.

"Nimekwisha kusema," alisema 'Maseabata. "Inuka."

Akainuka. Akaenda kwa mjenzi wa kijiji. Mjenzi akasema hagusi nyumba ya mtu bila neno la mwenyewe, na mwenyewe yuko chini ya ardhi anachimba. 'Makhauta akamshukuru. Akapiga moyo konde, akarudi nyumbani, akachukua mtaimbo.

Babake alikuwa amemfundisha: ukuta hautobolewi kutoka chini. Unaanza juu, unatoa mawe ya mstari mmoja, unapitisha magogo ya kuubeba ukuta, kisha ndipo unashuka. Alifanya hivyo. Jiwe moja moja. Mosili alisimama kando na Khauta mgongoni.

"Nyumba ikikuangukia nitamwambia nini kaka?"

"Mwambie nilikuwa upande wenye jua."

Nyumba haikuanguka. Tundu likawa mlango. Lakini mlango wa mawe matupu hauzuii upepo, lazima ukandikwe, na huwezi kukandika bila mavi ya ng'ombe. Mwanamke aliyeolewa haingii zizini. Huletewa na wachungaji. 'Maseabata akawaambia wachungaji: hata beseni moja lisitoke.

"Ng'ombe wale ni wa mume wangu," alisema. "Na mavi yao pia."

Basi 'Makhauta akachukua beseni, akaenda malishoni. Mavi ya njiani hayana mwenyewe. Alitembea nyuma ya ng'ombe za watu, beseni kichwani, mtoto mgongoni, mpaka likajaa. Wachungaji wa ukoo mwingine walimwona.

"Mama Khauta! Leo wameshiba sana, usubiri kidogo!"

"Nasubiri. Nyinyi waambieni wafanye haraka."

Akakandika. Akalainisha kwa kiganja. Asubuhi akaamka, akakuta udongo wote uko chini. Sakitu, ule umande unaoganda usiku, ilikuwa imeingia ndani ya udongo mbichi, ukapasuka, ukamwagika kama unga. 'Maseabata akapita na fimbo yake, akaugusa.

"Ukuta umekataa."

"Haujakataa, mama. Umesikia baridi."

Akarudi malishoni. Safari hii alikandika jua likiwa kali. Jioni akatazama ndani ya nyumba atafute kitu cha kuufunika ukuta usipigwe na sakitu. Magunia yalikuwa chini ya mtoto. Blanketi lake mwenyewe lilikuwa mgongoni pake na mgongoni pa mtoto. Likabaki sanduku la Seabata.

Ndani ya sanduku kulikuwa na blanketi alilovaa Seabata siku ya harusi. La sufu, zito, lenye mistari yake. Blanketi la namna hiyo mtu haliweki hata chini. Mwanamume hulivaa kwa shughuli kubwa, na mkewe hulikung'uta, hulikunja, hulirudisha. 'Makhauta akalitoa. Akalitundika ukutani kwa vijiti.

Ulipofika mchana kijiji kizima kilikuwa na habari.

"Mmesikia? Kauvika ukuta blanketi la mumewe!"

"La harusi?"

"La harusi, nakwambia!"

"Ehe, na ukuta nao umemwitikia?"

Akaendelea hivyo. Jua likizama ukuta unavaa, jua likichomoza unavua. Udongo ukakauka. Haukuanguka tena.

Wiki hizo ndizo Seabata alizorudi likizo. Alishuka kwenye basi kule barabarani, akapita dukani kununua sukari. Wanaume walikuwa wamekaa nje.

"Seabata! Hongera, bwana. Tumesikia umeoa mke wa pili."

"Mke gani?"

"Ukuta! Tena blanketi ameshapewa, bado kumchinjia tu."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Seabata hakujua wanacheka nini. Akafunga sukari yake, akapanda mlima, akafika jua likizama.

Alimkuta mama yake amesimama uani. Mama hakumsalimia kwanza.

"Nenda katazame nyumba yako," alisema. "Kisha uzibe kabla ya kula."

Seabata akazunguka nyumba. Akaona blanketi lake. Akaona tundu lenye umbo la mlango, na mkewe amesimama ndani yake, mtoto mkononi.

"Karibu, baba Khauta," alisema 'Makhauta.

Nyumba ilikuwa na milango miwili. Mama yake alikuwa amemfuata, ameegemea fimbo, anatazama ataingilia upi. 'Makhauta naye anatazama. Seabata alisimama na mzigo begani. Kisha akazunguka tena, akaingilia mlango wa zamani, ule wa zizi, ule wa babake.

'Makhauta hakununa. Alimletea maji.

"Umeingia na baridi," alisema. "Funga hiyo ngozi."

Wakala. Hawakuzungumza habari ya mlango. Seabata hakuwa mtu wa maneno, na mkewe alikuwa amekwisha kusema kwa mawe.

Asubuhi Seabata aliamshwa na kitu usoni. Akadhani ni mkono wa mtu. Lilikuwa jua. Nyumba ile aliijua tangu utoto, aliwahi kujificha humo kati ya matandiko, na hakuwahi kuliona jua ndani yake. Khauta alikuwa sakafuni, anatambaa, anajaribu kuuokota mwanga kwa vidole. Ukimponyoka anacheka, anajaribu tena. Seabata akamnyanyua, akaweka sikio kifuani pake. Kifua kilikuwa kimetulia.

'Makhauta hakuwemo ndani. Seabata akatoka, safari hii kwa mlango mpya, kwa sababu ndio uliokuwa wazi. Sakitu ilikuwa nyeupe juu ya nyasi. Akaona nyayo. Zilianza kizingitini, zikaizunguka nyumba, zikaelekea zizini. Si nyayo za siku moja. Nyasi zilikuwa zimelala, njia imekwisha kukatika.

Akaifuata. Mkewe alikuwa amepiga magoti pale mkwe anaporuhusiwa kufika, asizidi, anatazama kaburi la baba yake Seabata. Jina hakulitaja, maana mkwe halitaji. Alisema tu: "Tumeamka, baba. Mtoto ameamka vizuri." Akainuka, akapangusa magoti.

Seabata akamwuliza, "Tangu lini?"

"Tangu nilipompa kisogo," alisema 'Makhauta. "Zamani nilimwona nikiwa mlangoni, sikumwamkia. Sasa lazima nimwendee."

Akampita, akaenda kupika uji.

Seabata akaifuata njia ile kurudi nyumbani. Kisha akavua koti. Yale mawe yaliyotolewa kwenye mlango mpya yalikuwa bado yamelundikwa nyuma ya nyumba. Akaanza kuyabeba. Aliyapanga kwenye mlango wa zamani, mstari juu ya mstari. Mama yake akaja mbio kadiri miguu ilivyomruhusu.

"Seabata! Unafanya nini?"

"Naziba upepo, mama."

"Na baba yako?"

"Nyayo za mkweo ziko pale. Katazame kabla hazijayeyuka."

'Maseabata hakwenda kutazama. Alirudi ndani mwake, akafunga mlango.

Ukuta ulipokauka kabisa 'Makhauta akauremba. Alichora matuta ya shamba kwa vidole, na ndani ya matuta akakwaruza kwa uma wa kulia chakula. Mlangoni alipaka udongo mwekundu, na juu yake akabandika vijiwe vyeupe vya mtoni. Blanketi akalifua. Doa la udongo lilibaki kwenye pindo, halikutoka. Seabata alilivaa hivyo hivyo kila shughuli. Vijana walipopiga kelele, "Jamani, ukuta unakuja!" yeye aliwaitikia salamu na kupita.

Baada ya muda wanawake wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kuomba chumvi. Walikaa benchini, wakanyoosha miguu juani, wakawa hawaondoki. Mwishowe huuliza. 'Makhauta aliwaambia wasianze na rangi. "Kaa ndani ya nyumba yako siku nzima," aliwaambia, "usifagie, usipike. Uone jua linaingilia wapi na upepo unaingilia wapi. Palipo na jua weka mtoto. Palipo na upepo weka sanduku. Rangi itakuja yenyewe." Mmoja akatoboa dirisha. Mwingine akageuza kitanda tu, akasema inatosha.

'Maseabata peke yake hakuingia. Chakula cha mkwe alipokea. Maneno hakuyatoa. Akiwa na la kusema alimwambia mbwa, kwa sauti ya kusikika.

"Mbwa, mwambie mwenye nyumba chumvi imezidi."

'Makhauta naye hutoka na kumwambia mbwa, "Mwambie mama kesho nitapunguza."

Waliishi hivyo miaka. Mbwa yule akafa, akaja mwingine, akapewa kazi ileile.

Kisha ikaja baridi iliyoleta theluji mapema. Magoti ya 'Maseabata yalikuwa yamekwisha. Nyumba yake ilitazama zizi, na upepo ulimkuta kitandani. Seabata alikuwa ameacha mgodi wakati huo. Yeye na mkewe walikuwa wamekaa benchini, jua miguuni, Mosili alipoingia, amejifunga blanketi mpaka puani.

"Wifi, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na yule asiyesema nawe. Anataka kuhamia hapa mpaka baridi iishe."

Seabata akamtazama mkewe. 'Makhauta aliendelea kuchambua mboga.

"Ila ana sharti," alisema Mosili. "Anataka ule mlango wa zamani uzibuliwe. Anasema akiamka lazima aone zizi, amwone mumewe. Bila hivyo anafia kulekule." Akaketi, akavuta pumzi. "Mimi ningemwacha kwanza aombe kwa mdomo wake. Alikunyima hata mavi, wifi. Nilikuwepo."

Seabata alikuwa amekwisha kuinuka. Mama ni mama, na mawe yale aliyapanga yeye. Angeweza kuyatoa kabla jua halijazama. 'Makhauta akamshika pindo la koti, akamkalisha. Akaweka mboga chini, akasimama, akaanza kusogeza kitanda chao kukipisha cha mtu mwingine. Mgongo kwao, akamjibu Mosili:

"Mlango sizibui. Mlete mama. Kila asubuhi nitambeba mgongoni, nimzungushe nyumba, amwamkie mumewe, kisha nimrudishe juani."